Pishi ya Nani?

Nilipokwisha kuijaza kompyuta yangu kwa picha za hati kuukuu na sauti za wazee wa mji wetu wa Bagamoyo, nilizozikusanya kwa miaka mingi kwa khofu ya kwamba zingepotea pamoja na wenyewe, nilikwenda Kariakoo nikanunua diski mpya, ambayo boksi lake liliandikwa kwa herufi nene kwamba ukubwa wake ni terabaiti 1, yaani gigabaiti 1000, nikamwita kijana mmoja, fundi wa mtaani kwetu, aje aniwekee. Akaja baada ya sala ya alasiri, akaniamkia, akafungua kifuniko cha mashine, akaitia diski mahali pake na kuikaza kwa parafujo, akaiwasha; na kioo kilipokuja kuonyesha hisabu ya nafasi, ikasomeka gigabaiti 931, wala hapakuwa na faili hata moja iliyokwisha kuwekwa humo.

Nakiri kwamba dhana mbaya iliniingia moyoni. Gigabaiti 69 si kitu cha kupuuza, kwani ndani ya nafasi hiyo zingeenea sauti zote za wazee nilizonasa tangu nianze kazi hii, na nafasi nyingine ikabaki kuwa akiba. Nikamwambia, "Mwanangu, nimepunjwa." Akanijibu kwa upole, "Hujapunjwa, mzee wangu. Aliyeiuza amepima kwa pishi yake, na kompyuta imepima kwa pishi yake."

Neno lile la pishi alilitoa kama mtu atoavyo msemo aliourithi kwa bibi yake, kwani kijana wa umri wake hajapata kuiona pishi ila pengine ndani ya kabati la makumbusho. Lakini kwangu mimi lilifungua mlango wa khabari ndefu, ambayo mji huu umeijua kuliko miji mingi ya dunia, khabari ya jina moja kubeba vipimo viwili.

Pwani hii inayoikabili Unguja, ambayo wazee waliiita Mrima, kutoka Pangani na Saadani kushuka Winde, Bagamoyo, Kaole, Mbweni na Kunduchi hata Mzizima iliyokuja kuitwa Dar es Salaam, iliishi kwa kupima. Hapakuwa na pembe iliyoshuka kutoka Unyamwezi, wala sandarusi iliyochimbwa nyuma ya pwani katika nchi ya Wazaramo, wala mchele na mtama uliopakiwa mashuani kuvuka mlango wa bahari, vilivyotoka mkono huu kwenda mkono ule pasipo kupita kwenye mizani, au kwenye chombo cha mti, au juu ya mkono wa mwanadamu. Na kwa kuwa watu waliokutana hapa walikuwa Waswahili na Waarabu, Wahindi na Wanyamwezi, na baadaye Wamarekani, Wadachi (yaani Wajerumani) na Waingereza, kila mmoja alifika na hisabu ya kwao kichwani, akaitamka kwa maneno yale yale ya sokoni ambayo wote waliyafahamu.

Nianze na nafaka, maana ndiyo uhai. Kipimo cha chini kilikuwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi, ambayo kwa mchele ilikuwa na uzito upatao ratili 6 za Kiingereza. Juu yake kulikuwa na jizla, iliyohesabiwa Unguja kuwa ni pishi 60. Hisabu hii inaonekana nyepesi hata mtoto aweza kuishika, lakini wenye kuuza na kununua walijua kwamba kusema "kibaba" peke yake hakutoshi, kwani kulikuwa na kibaba cha tele, ambacho nafaka ilirundikwa juu yake mpaka ikachongoka na kuanza kumwagika, na kulikuwa na kibaba cha mfuto, ambacho kilipitishiwa kiganja au kijiti juu ya ukingo wake kikafutwa kikawa sawasawa. Chombo ni kimoja, jina ni moja, na mchele uliomo si mmoja. Mnunuzi aliyetoka shamba asiulize, akaondoka akidhani amepata tele, alipofika nyumbani na kupima tena aliona upungufu, akamlaani muuzaji ambaye pengine hakumdanganya hata kidogo. Na muuzaji mwenye khiyana naye alijua kwamba ukimya wa mnunuzi ndio faida yake. Wanavyuoni wa pwani hii walikuwa wakisomesha Sura ya 83 ya Kurani, ambayo jina lake lenyewe, Al-Mutaffifin, ni la hao wapunjao vipimo, na sidhani kama palikuwa na mahali ambapo sura hiyo ilisikilizwa na watu wenye haja nayo zaidi kuliko katika mji wa biashara kama huu.

Jambo hili halikuwa la kuchezea, kwa kuwa kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mtu mmoja kwa siku moja katika msafara. Fikiri msafara wa wapagazi 100: kila siku pishi 25, na safari ya kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, ilichukua kiasi cha miezi mitatu. Tafauti ya tele na mfuto, ambayo dukani ilikuwa ni maneno baina ya watu wawili, njiani iligeuka kuwa njaa ya watu 100 wenye mizigo mabegani. Mpagazi aliyepewa mfuto ilhali alipatana kwa tele hakuwa na kadhi wa kumshitakia huko Ugogo. Aliweka mzigo chini akatoroka, na wasafiri wa Kizungu walioandika vitabu vyao wakamwita mvivu na mtoro. Mimi nikisoma maneno yao hujiuliza kwanza kibaba chao kilikuwa cha namna gani.

Nguo nazo zilikuwa na hisabu yao. Baada ya mapatano ya biashara ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Wamarekani, pamba ngumu iliyofumwa Massachusetts ilimiminika Unguja na Mrima mpaka ikaacha jina lake katika lugha yetu, merikani, nayo ikawa ndiyo fedha ya bara. Ilipimwa kwa dhiraa, yaani mkono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili, yaani mikono minane, ni doti moja. Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha kuondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikwisha kuelezwa na wenye maarifa huko Unguja kwamba watu 100 huhitaji doti 10 kwa siku kwa ajili ya chakula, naye akafanya hisabu ya mwaka mzima ikamjia doti 3650, za merikani, za kaniki na za nguo za rangi. Katika kitabu chake doti ni yadi 4 zisizo na shaka. Lakini huku pwani mkono wenyewe ulikuwa wa namna mbili, dhiraa kamili, ianziayo kwenye kisugudi mpaka ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, ianziayo kwenye kisugudi mpaka kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Urefu wa vidole ndio uliozitenga. Fanya kuwa ni vidole tu, kisha uvizidishe kwa mikono minane ya doti, na uzidishe kwa doti elfu tatu na ziada, utaona kwamba nguo inayopotea baina ya kiganja kilichokunjuliwa na kiganja kilichofumbwa yatosha kuulisha msafara kwa miezi.

Na mizani je? Hapa ndipo khabari inapofanana kabisa na ile ya diski yangu. Pembe na sandarusi ziliuzwa kwa frasila. Frasila ilikuwa mani 12, kila mani ratili 3, jumla ratili 36. Na ratili ilikuwa wakia 16, kila wakia uzito wa reale moja ya Maria Theresia, ile sarafu ya fedha yenye sura ya malkia na mwaka 1780, ambayo uzito wake ni gramu 28 na chembe. Ratili hiyo basi ilikuwa gramu 449 hivi. Waingereza nao walikuja na kipimo chao cha gramu 453 na ushei, na watu wa pwani, kwa kuona kwamba kinakaribiana na chao, wakakiita kwa jina lile lile, ratili. Matokeo yake ni kwamba ukichukua kitabu kimoja utakuta frasila ni ratili 36, na ukichukua kingine utakuta frasila ni ratili 35, na msomaji wa leo hudhani kwamba mwandishi mmoja amekosea au kwamba ratili nzima imeibwa mahali fulani baina ya Bagamoyo na forodha ya Unguja. Pembe ni ile ile. Iliyobadilika ni ratili, na hata baada ya hapo Waingereza walipoikata frasila iwe ratili 35 kamili, kilo 15.9 mahali pa kilo 16.2, chembe iliyobaki ilimezwa na daftari.

Kando ya hayo, sandarusi ilikuwa na upungufu wa namna nyingine, usiotokana na jina. Ilichimbwa ardhini ikiwa na gamba na mchanga, ikapimwa hivyo hivyo mbele ya mchimbaji. Kisha ilipoparuliwa na kuoshwa, ndipo ionekane safi kama kaharabu na kufaa kwa vanishi, uzito wake ulishuka. Tajiri mzoefu alikwisha kuitia tafauti hiyo katika bei tangu mwanzo. Diski nayo ina gamba lake: mfumo wa faili hujitengea sehemu ya kuandikia daftari lake la mahali kila kitu kilipo, na baadhi ya kompyuta hutenga pembe ya siri ya kuponyea mashine siku ya maradhi, na nafasi hizo haziwezi kuhesabiwa kuwa zimepotea, ingawa mwenye diski hatazitumia.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni ule wa fedha, nao ulipita hapa hapa Bagamoyo, machoni pa babu zetu. Rupia ya Kihindi, iliyotembea pwani yote, iligawanyika anna 16, na kila anna pesa 4, yaani pesa 64 kwa rupia. Kampuni ya Wadachi ilipoanza kupiga rupia zake mwaka 1890 iliacha mgawanyo huo kama ulivyo, rupia moja kwa pesa 64, maana ndivyo wenye maduka na wapagazi walivyozoea. Kisha mwaka 1904 serikali ya Kidachi ikaufuta, ikaamuru kwamba rupia moja ni heller 100. Jina la rupia halikuguswa, na fedha iliyokuwa ndani ya sarafu haikupungua. Ila mtu aliyekuwa na nusu ya nusu ya rupia, ambayo jana ilikuwa pesa 16, leo aliambiwa ana heller 25, na aliyezoea nusu thumuni, pesa 4, akakuta kwamba heller haziwezi kumpa kiasi hicho barabara, kwani 100 haigawanyiki kwa 16.

Itazame hisabu ya wazee uone jinsi ilivyojengwa. Kibaba 1, kisaga 2, pishi 4. Shuka mikono 4, doti mikono 8. Ratili wakia 16. Rupia pesa 64. Jizla na frasila hazikufuata njia hiyo, na sitaki kuzilazimisha. Lakini aghalabu ya vipimo vya mkononi na vya dukani vilipandishwa kwa kurudufu na kushushwa kwa kupasua nusu, na sababu yake ni ya akili timamu: nusu ni kitu ambacho macho hukiona na mikono hukifanya bila kalamu. Nguo hukunjwa mara mbili. Mchele humiminwa mafungu mawili mpaka yalingane. Kumi ni hisabu ya karatasi na ya serikali. Mbili ni hisabu ya mikono.

Nalo ndilo jambo lililonistaajabisha kijana yule aliponieleza kazi ya kompyuta, kwamba mashine hii ya kisasa kabisa huhesabu kama muuza mchele wa Winde. Kumbukumbu yake imejengwa kwa swichi ndogo ndogo zisizojua ila hali mbili, kuwaka na kuzimika, na kila waya mmoja wa anwani unaoongezwa hurudufu idadi ya vyumba vinavyofikiwa: waya 1 vyumba 2, waya 2 vyumba 4, waya 3 vyumba 8, hata zikifika waya 10 vyumba huwa 1024. Wahandisi walipoona kwamba 1024 inakaribia 1000, waliazima neno la Kiyunani la elfu, kilo, wakaiita kilobaiti, kama vile watu wa pwani walivyoazima ratili kwa kipimo cha Waingereza. Waundaji wa diski kwa upande wao hawakuwa na haja ya kurudufu, kwa sababu uso wa diski hukatwa vipande kwa kadiri utakavyoenea. Tangu ile mashine ya IBM ya mwaka 1956, yenye sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5, wao walihesabu kwa maelfu na mamilioni ya kawaida. Hawakubuni hila mpya ya kutupunja. Wamekuwa watu wa heller tangu mwanzo, na kompyuta imekuwa ya pesa.

Upungufu ulikuwa hauonekani vyombo vilipokuwa vidogo. Katika kilo tafauti ni 24 juu ya kila 1000. Katika mega inakaribia 49. Katika giga ni 74 hivi. Na katika tera inakaribia 100. Kila ngazi inayopandwa huzidisha kosa la ngazi iliyo chini yake, sawa na vidole vya dhiraa konde vinavyozidishwa kwa doti elfu. Terabaiti 1 ya kiwandani ni baiti 1,000,000,000,000. Zigawe kwa gigabaiti ya kompyuta, ambayo ni baiti 1,073,741,824, utapata 931 na theluthi. Ndiyo diski yangu, baiti kwa baiti. Mwenye kununua terabaiti 4 ataonyeshwa 3.63, naye asiende kugombana na mtu.

Watu waligombana hata hivyo. Huko Marekani wanunuzi waliishitaki kampuni ya Western Digital, na shauri likaishia kwa sulhu mwaka 2006. Na maboksi ya diski siku hizi huandikwa, kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa miwani, kwamba gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilikwisha kutoa majina mapya kwa hisabu ya kurudufu, kibi, mebi, gibi, ili kila pishi iwe na jina lake. Kampuni ya Apple mwaka 2009 ikaamua kompyuta zake zionyeshe ukubwa wa diski kwa makumi, zikalingana na maboksi. Windows imebaki kuhesabu kwa kurudufu huku ikiandika jina la gigabaiti lile lile. Mimi katika jambo hili nina hukumu yangu: namwona aliyeandika kwa herufi ndogo kuwa ana udhuru, kwa kuwa amesema, lakini mwenye kupima kwa kipimo kimoja na kutangaza kwa jina la kingine, asiseme kitu, ndiye aliyewaingiza watu wengi katika dhana mbaya dhidi ya ndugu zao wauza diski.

Isidhaniwe kwamba kila upungufu una udhuru. Kijana, kabla ya kuniambia neno lile la pishi, alikwisha kuchunguza. Alifungua ukurasa wa usimamizi wa diski akatazama kama kuna eneo lililoachwa bila kugawiwa, maana diski mpya huweza kugawiwa nusu tu, nyingine ikabaki kama kiwanja kisichopimwa. Akanieleza kwamba diski inayozidi terabaiti 2, ikiandikwa kwa jedwali la kizamani, hukatika hapo hapo, kwa sababu jedwali hilo haliwezi kuhesabu vipande vya baiti 512 zaidi ya bilioni 4 na ushei. Dawa yake ni kubadili jedwali kabla ya kuweka kitu. Na mwisho aliiendesha programu inayojaza diski yote na kuisoma tena, kwa kuwa ziko diski za ghashi, hasa zile ndogo za kuchomeka, zinazojitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina, zikapokea faili za mtu na kuzimeza kimya. Hiyo ni khiyana wazi wazi, sawa na rumbesa ile ambayo Wakala wa Vipimo hupambana nayo masokoni, gunia linaloongezewa kilemba cha nyavu juu ya mdomo wake ili mkulima atoe gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Tele ya rumbesa haikupatanwa. Imelazimishwa, na anayeumia ni yule aliyelima.

Wazee wa Mrima walikuwa na dawa ya hali yao, nayo ni kuuliza kabla ya kumimina: pishi ya nani, tele au mfuto, mkono kamili au konde? Aliyeuliza hakuonekana mgomvi. Alionekana mtu anayejua biashara. Nikamsimulia kijana hayo yote, kahawa ikapoa vikombeni, naye akasikiliza mpaka mwadhini akaadhini magharibi.

Aliporudi kutoka msikitini alikata kipande cha gundi ya karatasi, akakibandika juu ya kifuniko cha mashine, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: "1000 ya kiwanda, 931 ya kompyuta." Kisha akaanza kuhamisha sauti za wazee kutoka diski ya zamani kuja mpya, na ya kwanza kuingia ikawa ile ya bibi mmoja wa Kaole, marehemu sasa, akieleza jinsi mama yake alivyokuwa akifuta kibaba kwa upande wa kiganja.